Muulize Fundi: Gari linazima likipata moto

SWALI: Fundi, Peugeot 504 ya marehemu baba, ya 1974, inazima ikishapata moto. Ikipoa inawaka. Nimebadilisha plagi, wapi! – Msomaji, Tanga

JIBU: Pole, ndugu yangu. Plagi ziache. Ipime papo hapo ilipozima, kabla haijapoa. Chomoa waya mnene katikati ya distributa (kifaa kinachozigawia plagi umeme), ushike kwa koleo yenye mpini wa mpira, ncha iwe milimita 6 kutoka kwenye chuma cha injini, mbali na petroli; mwenzako apige stata. Cheche ya buluu inayolia "tat!" ikitoka, fuatilia petroli. Ikiwa ya njano na dhaifu, anza na kondensa, kile kikopo kidogo cha umeme kwenye distributa. Ni ya bei ndogo, na koili (inayokuza umeme wa betri uweze kutoa cheche) husingiziwa sana makosa ya kondensa. Bado? Badili koili. Na tafadhali, usiache swichi ya ufunguo ikiwa imewashwa huku injini imezima: platini (vidomo ndani ya distributa vinavyokata na kuunga umeme wa koili) zikiwa zimegusana, koili inaungua.