Mzazi wa Mtoto Mwenye Mguu Kifundo, Mfahamu Kwanza Daktari Ponseti

Kwa mzazi ambaye mtoto wake amezaliwa na mguu kifundo, yaani unyayo umepinda kwa ndani na kisigino kimevutwa juu, ushauri wangu wa kwanza ni kumfahamu daktari Ignacio Ponseti kabla ya kusikiliza maneno ya majirani. Mwanangu alitibiwa kwa njia yake, na maagizo mengi niliyopewa kliniki niliyaelewa vizuri zaidi nilipozisoma habari za maisha yake.

Ponseti alizaliwa mwaka 1914 katika kisiwa cha Menorca, Hispania, akiwa mtoto wa fundi saa. Alisomea udaktari Barcelona, akatibu majeruhi wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, na upande wake uliposhindwa akakimbilia Ufaransa, kisha Mexico. Mwaka 1941 alifika Iowa, Marekani, kujifunza upasuaji wa mifupa chini ya Arthur Steindler. Huko aliwachunguza upya wagonjwa waliopasuliwa miguu kifundo utotoni, akakuta nyayo zao zimekakamaa, hazina nguvu na zinauma. Mpasuaji huyo akaamua kupunguza kazi ya kisu, kwa kuwa aliona kwamba kano za mtoto mchanga zinaweza kuvutwa polepole zikakubali.

Kila wiki mguu hunyooshwa taratibu kwa mikono, kisha hufungwa plasta kuanzia vidoleni hadi pajani, goti likiwa limekunjwa. Ukiona plasta inaishia chini ya goti, uliza kwa adabu lakini uliza, kwa sababu plasta fupi huteleza na mguu ukajizungusha ndani yake. Nyumbani, kagua vidole mara kwa mara: vikibadilika rangi, vikivimba, au vikianza kuzama ndani ya plasta, mrudishe mtoto kliniki bila kungoja siku ya miadi. Kwa kawaida plasta huwa tano hadi saba, na watoto wengi hukatwa kano ya kisigino kwa tundu dogo na ganzi ya mahali hapo tu, kisha hufungwa plasta ya mwisho kwa wiki tatu.

Kazi ya mzazi hasa huanzia hapo. Viatu vilivyounganishwa kwa ufito huvaliwa saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, halafu wakati wa kulala hadi mtoto afikie takriban miaka minne. Wanaoviacha mapema ndio ambao mara nyingi huona mguu ukirudi kupinda. Bibi wa mwanangu alidai kuwa mtoto anateswa, mpaka alipomwona akirusha miguu yote miwili pamoja huku akicheka; nilikuwa nimemzoesha kwa kuushika ufito na kuyakunja na kuyanyosha magoti yake. Mvalishe soksi za pamba zisizo na mikunjo, na uitazame ngozi ya kisigino kila unapomvua.

Ponseti alichapisha matokeo yake mwaka 1963, na wenzake wengi hawakuyajali kwa miongo kadhaa. Wazazi ndio waliosambaza habari zake kwa intaneti mwishoni mwa miaka ya 1990. Alifariki mwaka 2009 akiwa na miaka 95. Leo njia hiyo inatumika hata hapa kwetu Tanzania, na ni vyema kuanza katika wiki za mwanzo, ingawa mtoto aliyechelewa naye apelekwe, kwa kuwa wengi wao bado hunyooka.