Mtambo wa kwanza wa kupoza kompyuta kwa maji: anza na koki ya kumwagia

Ukiniuliza kifaa gani ukiwaze kwanza unapopanga kupoza kompyuta yako kwa maji, nitakujibu koki ya kumwagia maji yatoke nje. Rangi ya maji na taa zitakuja baadaye. Mtambo wa maji lazima siku moja utafunguliwa: maji yatachakaa, kadi ya michoro itabadilishwa, mazabodi, yaani ubao mkuu wa kompyuta, itataka kutolewa. Siku hiyo ndiyo inayoonyesha kama vifaa vilichaguliwa vizuri. Nimejenga mitambo kadhaa, yangu na ya wenzangu, na ninaoupenda zaidi ni ule ninaoweza kuumwaga, kuufungua na kuurudisha jioni moja bila tone kudondokea pawa saplai. Kwa hiyo kila kifaa ninachokitaja hapa nakipima kwa kipimo hicho: je, kitakusumbua utakapokifungua?

Kwanza tuelewane kazi ya maji yenyewe. Pampu inayasukuma yapite kwenye bloki, yaani kipande cha chuma chenye mifereji kilichokaa juu ya prosesa au kadi ya michoro, yanabeba joto, yanalipeleka kwenye rejeta, feni zinalitoa, kisha yanarudi kwenye tangi. Maji hayatengenezi baridi, na mtambo wa namna hii hauwezi kushuka chini ya joto la hewa ya chumbani. Kinachotafutwa ni tofauti ndogo kati ya hewa na maji kompyuta inapofanya kazi nzito. Tofauti ya nyuzi 10 ni nzuri sana. Chumba kikiwa na nyuzi 25 na maji yakatulia kwenye 35, umefaulu. Yakipanda kuelekea 50, ama rejeta ni ndogo ama hewa haipiti.

Na hapo kwenye rejeta ndipo ningekushauri utumie muda wako mwingi. Ukubwa wake hutajwa kwa feni zinazoingia: za milimita 120 zinakupa rejeta za 240, 360 na 480, za milimita 140 zinakupa 280 na 420. Kanuni ya mkono ninayoitumia ni wati 100 kwa kila nafasi ya feni ya 120, feni zikizunguka polepole. Prosesa ya wati 150 pamoja na kadi ya wati 300 ni wati 450, kwa hiyo nafasi tano: rejeta moja ya 360 na nyingine ya 240. Unaweza kubana matumizi ukaweka nafasi tatu tu, na maji yatapoa, lakini feni zitalazimika kupiga kelele. Utulivu ndio faida kubwa ya maji, kwa hiyo sioni maana ya kuuacha ukapotea kwenye kifaa kimoja.

Unene nao unapotosha watu. Rejeta ya milimita 30 inawatosha wengi. Za 45 na 60 zinaonyesha faida yake hasa feni zikienda kasi, na zinakula nafasi ambayo utaitamani utakapokuwa unapitisha mipira ya maji. Chukua rejeta ya unene wa 30, ongeza feni ya 25, tayari umefika milimita 55. Hizo lazima zipatikane juu ya mazabodi bila kugusa memori wala vipoza vidogo vya pembeni ya prosesa. Halafu kumbuka kwamba rejeta ya 360 haina urefu wa milimita 360. Ina vyumba vya maji kwenye ncha zake, na nyingi zinakaribia 400. Kasha linaloandikwa kwamba linapokea 360 huenda linaipokea mbele tu, tena baada ya kung'oa kizimba cha diski. Mimi hukata katoni kwa vipimo kamili vya rejeta na feni zake, nikalipachika ndani ya kasha, nikafunga mlango. Ni kazi ya dakika chache, na katoni likikwama unajua mapema kabla hujalipia chuma.

Sasa madini. Hili sina unyenyekevu nalo: usichanganye shaba na aluminiamu kwenye mzunguko mmoja. Madini hayo mawili yakikutana ndani ya maji, aluminiamu huanza kuliwa, na vile vipande vinavyolika huishia kwenye mifereji ya bloki. Dawa ya kuzuia kutu inapunguza kasi tu. Rejeta nzuri za kazi hii ni za shaba, bloki ni za shaba tupu au zilizopakwa nikeli, fitingi, yaani viungio vya mipira, ni za shaba ya manjano. Vifaa vya aluminiamu vipo na bei yake huvutia. Vinafaa ikiwa mzunguko wote ni wa aluminiamu. Soma maelezo ya kila kifaa mpaka uone neno la madini yake. Muuzaji asipolitaja, pita.

Bloki ya prosesa ni rahisi kuichagua, ilimradi vishikio vyake vinalingana na soketi yako, yaani kikalio cha prosesa kwenye mazabodi. AM5 ya AMD iliundwa ipokee vipoza vingi vya AM4, lakini LGA1700 ya Intel ina matundu yaliyoachana zaidi kuliko LGA1200, kwa hiyo uliza kishikio chake kabla ya kununua.

Kwenye kadi ya michoro ndiko kuna mtego. Kampuni mbili zinaweza kuuza kadi yenye jina lilelile la chipu, huku bodi zake zikiwa zimepangwa tofauti kabisa, na bloki ya moja haiingii kwenye nyingine. Usinunue bloki kwa jina la chipu. Nunua kwa jina kamili la kadi, hadi herufi ya mwisho kwenye lebo yake, na uthibitishe kwenye orodha ya ulinganifu ya mtengenezaji wa bloki. Kama bado hujanunua kadi, geuza mpango: tafuta kwanza bloki zinazopatikana, kisha chagua kadi inayovaa mojawapo. Pia angalia masharti ya dhamana ya kadi, maana utaondoa kipoza chake cha asili. Pedi zake za kupitisha joto na skrubu zihifadhi kwenye mfuko wenye jina.

Pampu zinazozungumzwa zaidi ni D5 na DDC. DDC ni ndogo na ina msukumo mkubwa, ila hupata joto zaidi na inahitaji hewa chini yake. Kwa mtambo wa kwanza ningechukua D5 yenye kudhibitiwa kasi, iliyounganishwa na tangi lake kama kifaa kimoja. Inavumilia, inanyamaza ukiishusha, na tangi kukaa moja kwa moja juu yake kunamaanisha maji yanaiingia kwa uzito wake yenyewe. Pampu hizi hulainishwa na maji yanayopita ndani, kwa hiyo kuiendesha kavu ni kuiua.

Mpangilio wa vifaa kwenye mzunguko unawaumiza watu kichwa bure. Tangi litangulie pampu, basi. Mengine yapange kwa njia fupi ya mpira. Hesabu yake iko wazi: lita 1 ya maji kwa dakika ikibeba wati 300 inapanda kama nyuzi 4 tu, na kwenye lita 3 kwa dakika haifiki nyuzi 1.5. Maji yote ndani ya mtambo yana joto linalokaribiana, iwe rejeta iko kabla ya kadi au baada yake.

Mipira laini au bomba gumu? Laini, bila kusita. Bomba gumu la plastiki ya akriliki au PETG linapendeza, lakini kila kipande hukatwa na kupindwa kwa nafasi moja, na ukibadilisha kadi yenye urefu tofauti unakata upya. Mpira wa milimita 10 kwa 16, yaani kipenyo cha ndani na cha nje, una ukuta mnene unaopinda bila kukunjika. Fitingi ununue za vipimo hivyohivyo viwili. Ya 10 kwa 13 haitaubana. Upande wa meno karibu vifaa vyote vinatumia kipimo kimoja cha meno, G1/4, hapo huna wasiwasi. Kaza kwa mkono mpaka uhisi oringi, ile pete ya mpira, imelala, kisha acha. Anayezuia maji ni oringi, na nguvu ya ziada hupasua akriliki. Nunua pia kiungio chenye matawi matatu ukakiweke sehemu ya chini kabisa ya mzunguko, koki ikae kwenye tawi moja na mpira mfupi wa kumwagia uwe tayari.

Kuhusu aina ya mpira, nina sababu ya kupendelea ule mweusi wa EPDM, aina ya raba, kuliko plastiki angavu. Niliwahi kuletewa kompyuta ambayo joto la prosesa lilikuwa likipanda kidogokidogo kwa miezi. Nilipofungua bloki, mapezi yake ya shaba, membamba kiasi kwamba jicho linayaona kama mchoro wa mistari, yalikuwa yamezibwa na utando mweupe wenye kunata, mzito zaidi pale katikati maji yanapoingilia. Vilikuwa vilainishi, yaani kemikali za kulainisha plastiki, vilivyotoka kwenye mpira angavu. Utando ulitoka kwa mswaki laini na maji ya uvuguvugu, na joto likarudi chini. EPDM haionyeshi rangi ya maji, lakini haina tabia hiyo.

Maji yenyewe yawe angavu. Chukua kulanti, yaani maji maalumu ya kupozea, iliyochanganywa tayari, yenye dawa ya kuzuia kutu na ukungu, au maji yaliyokenekwa pamoja na dawa hizo. Ya bombani yana madini, usiyatumie. Zile kulanti nzito za rangi ya maziwa zina chembe zinazoelea, na chembe hutua pale mwendo unapopungua. Waachie wanaojenga kwa ajili ya picha. Badilisha kila mwaka au kama mtengenezaji alivyoandika. Rejeta mpya isuuze kwanza kwa maji moto kiasi, maana ndani hubaki mabaki ya dawa ya kulehemia, kisha malizia na yaliyokenekwa.

Feni zichague zenye msukumo wa kupenya mapezi ya rejeta. Kihisi cha joto la maji ni kidogo na kina thamani kubwa: feni zikifuata joto la maji badala ya la prosesa, haziruki kila unapofungua programu. Hakikisha tu mazabodi ina pini zake mbili za kukipokea.

Kwenye orodha ya manunuzi weka pia pampu ndogo ya mkono yenye geji ya kupimia uvujaji kwa hewa. Unajaza hewa ya shinikizo la karibu nusu baa mtambo ukiwa mkavu, unasubiri robo saa, unatazama sindano. Ikishuka, tafuta fitingi iliyolegea kabla tone la maji halijaingia. Ikitulia, chomoa umeme wa mazabodi na wa kadi, acha pampu peke yake kwenye pawa saplai kwa kutumia plagi ya kuiwashia bila mazabodi, jaza tangi, washa kwa sekunde chache, zima kabla tangi halijakauka, jaza tena. Inamisha kasha huku na huku viputo vitoke, ukiwa umetandika karatasi nyeupe za kufutia chini ya kila kiungio.