Saksofoni ya Tina Brooks kuelemea upande mmoja: je, ni kasoro ya rekodi?

SWALI: Nimenunua faili za albamu ya True Blue ya Tina Brooks, mpiga saksofoni wa jazi, toleo la stirio. Nikitumia hedifoni, saksofoni yake ya tenori inaelemea sikio moja. Je, faili zina hitilafu, na ninaweza kuzirekebisha bila kuiharibu sauti yake?

JIBU: Faili zako ni nzima. Albamu hiyo ilirekodiwa tarehe 25 Juni 1960 katika studio ya fundi wa kurekodi Rudy Van Gelder iliyoko Englewood Cliffs, New Jersey, kwa ajili ya kampuni ya Blue Note. Wanamuziki watano walipiga kwa pamoja, na sauti zao zikaingia moja kwa moja kwenye utepe wenye njia mbili tu, ya kushoto na ya kulia, kwa hiyo nafasi ya kila chombo iliamuliwa palepale Brooks alipokuwa akipuliza, na hakuna fundi ambaye angeweza baadaye kuichukua saksofoni peke yake na kuisogeza katikati. Wasikilizaji wengi wa wakati ule walikuwa na gramafoni za spika moja, na santuri zao za mono, yaani zenye njia moja ya sauti, zilitengenezwa kwa kuunganisha njia hizohizo mbili.

Nawe unaweza kufanya vivyo hivyo. Katika mipangilio ya ufikivu ya simu yako kuna swichi ya sauti ya mono. Iwashe, kisha usikilize “Good Old Soul”, wimbo wa kwanza. Pale Brooks na mpiga tarumbeta Freddie Hubbard wanapopiga kiitikio pamoja, tenori na tarumbeta zitashikana na kuwa sauti moja, jambo ambalo hedifoni hulificha. Chombo kilichokuwa katikati kitapanda kidogo, nako si kuharibika.

Ninakusihi usitumie programu za kutenganisha vyombo ili kumleta Brooks katikati, kwani hula pumzi na mwanzo laini wa noti, na huko ndiko uliko uzuri wake wote: mistari mirefu inayotiririka bila haraka, yenye huzuni ya bluzi ndani yake, kutoka kwa mpulizaji ambaye kwa maoni yangu anastahili kutajwa pamoja na Hank Mobley, mpiga tenori mashuhuri wa Blue Note. Aliongoza vikao vinne vya Blue Note kati ya 1958 na 1961, lakini ni True Blue pekee iliyotoka akiwa hai. Alifariki mwaka 1974 akiwa na umri wa miaka 42, na Minor Move, albamu aliyoirekodi mwaka 1958, ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1980, huko Japani.

Ukitaka nakala ya kudumu ya mono, punguza kila njia kwa desibeli 6 kabla ya kuziunganisha ili sauti isikwaruze pale vyombo vyote vinapopanda, na uihifadhi kama faili mpya bila kuigusa ile ya stirio.