Muscadine au Muscat? Usiamue kabla ya kutema

SWALI: Huku North Carolina tuna kikundi cha kuonja mvinyo, chupa zikiwa zimefungwa karatasi. Mara mbili nimemiminiwa mvinyo mweupe wa Scuppernong, mara zote mbili nikasema ni Muscat. Nakosea wapi?
Msomaji, Raleigh

JIBU: Scuppernong ni aina mojawapo ya Muscadine. Majina yanafanana, lakini Muscadine ni zabibu ya asili ya kusini mashariki mwa Marekani na haina udugu wa karibu na Muscat, zabibu ya jamii ya Ulaya. Kinachokuchanganya ni waridi: zote mbili hunukia waridi. La Muscat ni jepesi, linakuja na maua ya mchungwa. La Muscadine ni zito, limefunikwa na asali, stroberi zilizopikwa na sukari, hata nanasi lililoiva kupita kiasi.

Mimina mililita 50 hivi, mvinyo ukiwa na nyuzi 10 hadi 12. Ukitoka jokofuni moja kwa moja, harufu hujificha ukabaki na utamu tu, na utamu hauthibitishi kitu. Muscadine mara nyingi haina sukari ya kutosha kuleta kileo, kwa hiyo huongezwa sukari kabla ya kuchachushwa, na wengi huongeza tena mwishoni.

Zungusha mdomoni, tema, hesabu hadi kumi. Utamu ukishapotea, pitisha ulimi kwenye fizi: utakuta ukakasi, kama umetafuna ganda. Ndivyo ilivyo hasa, maana ganda la zabibu hii ni nene hata walaji wengi hulitema, na likikamuliwa kwa nguvu hutoa ukakasi wake. Muscat nayo huweza kuacha uchungu kidogo, hivyo uchungu peke yake usikutoshe. Tafuta harufu nzito na ukakasi kwa pamoja.

Mtego mkubwa kuliko Muscat ni Niagara, zabibu nyingine nyeupe ya Marekani. Hiyo hunukia kama peremende ya zabibu, kwa ukali, kabla hata hujainamisha pua. Weka glasi za zote tatu pamoja, mtu akubadilishie nafasi, urudie mpaka usikosee.

Na kwenye karatasi yako andika "Muscadine nyeupe", uishie hapo. Mvinyo mweupe mwingi wa huko hutokana na Carlos, aina ya Muscadine iliyotolewa mwaka 1970, na watu wamezoea kuita Scuppernong kila Muscadine yenye rangi ya shaba. Kuzitenganisha hizo mbili kwa ulimi tu ni kubahatisha.