Ramani ya Quake Inayovuja: Tafuta Tundu, Usijenge Sanduku

Swali: Ninajenga ramani yangu ya kwanza ya gemu ya Quake kwa kutumia TrenchBroom, programu ya kuchora ramani. Kila nilipoikompaili, yaani kuigeuza iwe faili la kuchezwa, nilipata onyo kwamba ramani inavuja, yaani ina tundu linalofungukia nje. Rafiki yangu alinishauri nilizungushie jengo lote sanduku kubwa, na kweli onyo likaondoka. Lakini sasa hatua ya vis, inayokokotoa kinachoonekana kutoka kila mahali, inakesha bila kumaliza, na gemu inakwamakwama nikiwa ukumbini. Nimekosea wapi?

Jibu: Ndugu msomaji, ushauri uliopewa umeliondoa onyo lakini tundu lingali palepale. Ninakuomba ulifute sanduku hilo leo, kabla hujaongeza chumba kingine, kwa sababu ndilo linaloifanya vis ikeshe.

Quake ilitolewa na id Software mwaka 1996, wakati kompyuta nyingi za nyumbani zilichora picha za pande tatu kwa nguvu ya prosesa peke yake. Waundaji wake waliamua kwamba kazi nzito ifanywe mapema, ramani inapokompailiwa, ili mchezaji asiisubiri wakati anacheza. Programu ya qbsp huikata nafasi iliyo wazi ndani ya jengo katika vijisehemu, na pale vijisehemu viwili vinapopakana huweka mlango wa kufikirika uitwao portali. Kisha vis huzipitia portali hizo na kuandika, kwa kila kijisehemu, ni vijisehemu gani vingine vinavyoweza kuonekana kutoka hapo, na gemu inapochezwa huchora hivyo tu.

Sasa, qbsp hujuaje ndani ni wapi na nje ni wapi? Huanzia kwenye ombwe, yaani utupu ulio nje ya jengo, na kujaribu kuingia, kama maji yanayotafuta upenyo. Ikishindwa kumfikia mchezaji, taa, adui au entiti nyingine yoyote (kitu kinachowekwa ndani ya ramani), huamua kwamba jengo limezibika, hufuta nyuso zote za kuta zinazotazama nje, na hutoa faili la portali ambalo vis hulihitaji. Ikiifikia hata entiti moja, haifuti chochote wala haitoi faili hilo, na ndipo unapoliona onyo.

Ulipojenga sanduku, uliisogeza nje ya ramani hadi nyuma ya kuta za sanduku. Uwanja wote ulio kati ya jengo lako na sanduku umegeuka kuwa ndani, kana kwamba mchezaji anaweza kutembea huko. Migongo ya kuta na mapaa ambayo hakuna atakayeiona haifutwi tena, programu ya mwanga inaipigia hesabu, na vis inahangaika na portali nyingi katika uwanja mpana ambamo karibu kila kijisehemu kinaonekana kutoka kwa kingine. Tundu lenyewe linaunganisha ukumbi wako na uwanja huo, kwa hiyo mchezaji akiwa ukumbini gemu inaweza kuchora hata migongo ya kuta za mbali.

Njia sahihi ni kulifuata tundu lilipo. Futa sanduku, kompaili upya, na qbsp itaandika faili lenye kiambishi .pts kando ya ramani yako. Ndani ya TrenchBroom fungua menyu ya File, chagua Load Point File, na utaona mstari ukichorwa kutoka kwenye entiti iliyofikiwa hadi nje. Wanaoanza huutazama mstari huu kuanzia ndani, wakapotea katika mizunguko yake. Mimi huanzia mwisho wake wa nje na kurudi nao taratibu hadi unapokutana na jengo kwa mara ya kwanza, kwa kuwa mara nyingi tundu liko hapo. Usiihukumu entiti inayotajwa katika onyo: hiyo ni ile tu ambayo programu iliifikia, na huenda iko vyumba vitatu mbali na kosa. Isipokuwa kama yenyewe imesahauliwa nje ya jengo, na hapo hakuna ufa wa kuziba bali ni taa ya kurudisha ndani.

Sababu iliyo ngumu zaidi kuonekana ni ufa wa yuniti moja, kipimo kidogo cha urefu katika gemu. Niliwahi kupoteza jioni mbili kwa ajili ya tao nililolizungusha nyuzi 15. Kwa macho lilikuwa limekaa vizuri kabisa juu ya nguzo zake, lakini baada ya kuzungushwa pembe zake hazikuangukia tena kwenye gridi, yaani mistari ya vipimo ya kuchorea, na kati ya tao na dari paliachwa mwanya ambao niliuona tu niliposogeza kamera hadi karibu kugusa jiwe. Niliirudisha kila pembe kwenye namba nzima na onyo likaisha. Tangu hapo kuta zangu kuu, sakafu na dari hukaa kwenye gridi ya 16, na ninayazungusha mapambo peke yake. Gridi hiyo inafaa hata kwa ngazi, maana mchezaji wa Quake hupanda kidato cha hadi yuniti 18 bila kuruka.

Kumbuka pia kwamba si kila kinachoonekana kigumu huziba. Brashi, yaani kipande kigumu cha kujengea, uliyoigeuza kuwa mlango au lifti ni entiti, kwa hiyo mlango unaotazama moja kwa moja kwenye ombwe ni tundu hata ukiwa umefungwa. Maji nayo hayazibi. Ukitumia ericw-tools, seti ya zana za kukompailia yenye qbsp na vis, brashi za func_detail (zilizotiwa alama kuwa ni mapambo tu) hazizibi vilevile, jambo linalowakwaza wengi, kwa kuwa func_detail yenyewe ndiyo dawa nzuri ya vis inayochelewa. Nguzo, vidato na fremu za madirisha zigeuze kuwa func_detail ili zisizalishe portali zisizo na maana, lakini hakikisha nyuma yake kuna ukuta wa kawaida unaolifunga jengo. Ningependa ujionee jambo hili katika kazi ya wenyewe: mwaka 2006 John Romero, mmoja wa waliozijenga ramani za awali za Quake, alitoa mafaili yake ghafi kwa GPL, leseni inayoruhusu watu kuyatumia na kuyabadilisha. Fungua mojawapo katika TrenchBroom na utazame jinsi kuta zinavyokutana ukingo kwa ukingo, bila kupandana na bila kuachiana.

Onyo likishaondoka, endesha vis kwa chaguo la -fast wakati ungali unajenga, na vis kamili uiachie ramani inayokaribia kukamilika. Kila mara inapoanza huonyesha idadi ya portali. Iandike mahali, kisha ilinganishe na ile uliyokuwa ukiipata sanduku likiwapo.