Milioni mbili: kiwanja au riti?

Dada wa Bagamoyo, nimekuelewa. Una milioni 2 za mauzo ya samaki, dalali anakuvuta ununue kiwanja Kaole, nawe umesikia habari za riti.

Riti ni mfuko unaochanga pesa za watu wengi na kumiliki majengo ya kupangisha. Wewe unanunua vipande, pango likiingia unapata gawio. Marekani, zilikoanzia mwaka 1960, sheria inataka zigawe angalau asilimia 90 ya mapato yanayotozwa kodi.

Mimi niliponunua kiwanja Pongwe, huku Tanga, nilikuta mtu ameshachimba msingi; kumbe kimeuzwa mara mbili! Ndiyo maana vipande vinanivutia. Lakini navyo hushuka: kipande cha Fahari, riti ya Kenya, kiliuzwa shilingi 20 za huko mwaka 2015, na mwaka 2023 baadhi ya wenye vipande wakapewa ofa ya kuviuza kwa 11.

Basi tenga kwanza akiba ya dharura, maana siku ukibanwa unaweza kukosa mnunuzi wa vipande vyako. Kisha waulize Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana kama mfuko una leseni, wakuelekeze na kwa wakala aliyesajiliwa. Anayekuahidi faida ya kila wiki kwa WhatsApp, dada yangu, usimtumie hata senti.