Riwaya ya Kesi Bila Baraza la Raia

SWALI: Mhariri, assalaam aleikum. Naandika riwaya ya taharuki kuhusu dalali wa viwanja aliyeuawa hapa Malindi, na kesi yake inasikilizwa papa hapa mjini. Katika riwaya za Kimarekani nilizosoma, wakili hutekenya nyoyo za raia kumi na wawili wanaoamua kesi, kisha shahidi asiyetarajiwa hujitokeza siku ya mwisho. Je, nikiyaacha hayo mawili nitakuwa nimevunja kanuni za utanzu huu?
Msomaji, Malindi

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yetu. Hutakuwa umevunja chochote. Baraza la raia ni desturi ya mahakama za kule, si sharti la utanzu. Kwetu Kenya kesi ya mauaji husikilizwa na Mahakama Kuu, ambayo ina kituo Malindi, mbele ya jaji anayeamua peke yake. Hata wazee wa baraza waliokuwa wakimshauri waliondolewa mwaka 2007. Na kwa kuwa jaji hana budi kuandika sababu za hukumu yake, hotuba ya kuliza watu haitamfaa wakili wako.

Shahidi wa ghafla ni mgumu zaidi kumtetea. Ibara ya 50 ya Katiba ya 2010 inampa mshtakiwa haki ya kujulishwa mapema ushahidi ambao upande wa mashtaka unakusudia kuutumia. Ukimzusha shahidi wa mashtaka siku ya mwisho bila wakili wa utetezi kusimama kupinga, msomaji anayejua mahakama ataifunga riwaya yako.

Kanuni ninayokusihi uishike ni kwamba sheria yenyewe ndiyo imbane mhusika mkuu. Tuseme mtu anamjia wakili wako faraghani kutaka ushauri, akamkiria kuwa ndiye aliyemuua dalali, ilhali kijana asiye na hatia yumo rumande kwa kosa hilo hilo. Sheria ya Ushahidi inamkataza wakili kutoa siri ya mteja bila idhini yake. Kila kesi inapotajwa, wakili huyo yuajua, nasi wasomaji twajua, na jaji hajui. Hapo sihitaji bastola wala gari la kufukuzana.

Kesi husikilizwa hadharani, kwa hivyo nenda ukakae mahakamani asubuhi kadhaa. Angalia hasa nyuso za jamaa za mshtakiwa kesi inapoahirishwa kwa mara nyingine, kwani sijaona bado riwaya yetu iliyoutumia vyema muda huo wa kungoja.